Magavana wanalia na Abuja, halmashauri zinalia na magavana

Ukitaka kujua jimbo la Nigeria lina nguvu kiasi gani, achana na katiba kwanza. Angalia kinachotokea Abuja kila mwezi. Makamishna wa fedha wa majimbo 36 hukaa na maofisa wa serikali ya shirikisho kwenye kamati inayoitwa FAAC, kugawana kilichoingia katika akaunti ya pamoja. Majimbo yanayotoa mafuta hutengewa kwanza asilimia 13 ya mapato ya mafuta yao. Kinachobaki, serikali ya shirikisho huchukua asilimia 52.68, majimbo 26.72, na halmashauri 20.60. VAT ina mgawo wake. Lagos inakusanya kodi zake na inaweza kusimama yenyewe. Majimbo mengi bila mgawo huo mishahara hailipiki.

Sisi Wakenya tukisoma habari hizi tunadhani tunaiona kaunti. Hapana. Jimbo la Nigeria lina Mahakama Kuu yake, na kwa sheria ya mwaka 1978 ardhi ya jimbo iko mikononi mwa gavana. Ila polisi ni wa Abuja. Gavana huitwa ofisa mkuu wa usalama wa jimbo, lakini akimwagiza kamishna wa polisi, katiba inamruhusu kamishna kusema kwamba agizo hilo lipelekwe kwanza kwa rais. Ndiyo maana mwaka 2020 majimbo sita ya kusini-magharibi yaliunda kikosi chao cha usalama, Amotekun, na Abuja ikaanza kwa kusema ni kinyume cha sheria.

Hali hii ina chimbuko. Marekani, makoloni 13 ndiyo yaliyokubaliana kuunda serikali ya pamoja. Nigeria, serikali kuu ndiyo iliyoyakata majimbo. Mtawala wa kijeshi Yakubu Gowon aliigawa mikoa minne kuwa majimbo 12 mwezi Mei 1967, Biafra, yaani mashariki iliyotaka kujitenga, ikiwa mlangoni. Wanajeshi waliofuata wakaendelea kukata hadi Abacha akafikisha 36 mwaka 1996. Jimbo lililozaliwa kwa amri ya mwanajeshi linapata tabu kumwambia aliyelizaa kwamba wako sawa.

Kuna kisa kimoja ninachokipenda kuliko vyote. Bola Tinubu, akiwa gavana wa Lagos, aliongeza halmashauri 37 juu ya zile 20 zilizomo kwenye katiba. Rais Obasanjo alikasirika, na mwaka 2004 akazuia fedha za halmashauri za Lagos. Jimbo likaenda Mahakama ya Juu. Desemba mwaka huo mahakama ikasema rais hana mamlaka ya kuzuia fedha hizo, ingawa halmashauri mpya nazo hazikuwa zimekamilika kisheria bila Bunge la Taifa kuzipitisha. Hukumu ikatoka, lakini sehemu kubwa ya pesa haikutoka mpaka Yar'Adua aliposhika urais mwaka 2007.

Sasa ruka hadi 2024. Tinubu ni rais. Serikali yake inawashtaki magavana wote 36 kwa kuzikalia fedha za halmashauri na kuweka kamati za muda badala ya viongozi waliochaguliwa. Tarehe 11 Julai mahakama ileile ikaipa serikali ushindi: fedha ziende moja kwa moja kwa halmashauri.

Wapo wanaosema hukumu hiyo inaua shirikisho, kwamba halmashauri ni jambo la ndani la jimbo na Abuja haina la kutafuta huko. Hoja hiyo ina uzito, na ningeiunga mkono kama isingetolewa na watu walewale waliokaa miaka bila kuitisha uchaguzi wa halmashauri. Gavana anataka Abuja imwachie nafasi, ila aliye chini yake hamwachii hata ya kupumua.

Tena hukumu hiyo imegusa mfuko tu. Uchaguzi wa halmashauri unasimamiwa na tume ya jimbo, ambayo wajumbe wake huteuliwa na gavana. Magavana waliharakisha kuitisha uchaguzi, na matokeo yakaja kama ulivyotarajia: Anambra, chama cha gavana kilizoa halmashauri zote 21, Kano, zote 44. Mwenyekiti aliyepatikana kwa njia hiyo, hata pesa zikiingia kwenye akaunti yake, atamsikiliza nani?

Kwa hiyo nikisikia magavana wakidai polisi wa majimbo, moyo wangu unagawanyika. Kwa ukubwa wa nchi ile na utekaji nyara ulivyoenea, kuwaongoza polisi wote kutoka Abuja hakuingii akilini. Lakini mimi ningeweka sharti: tume za uchaguzi za majimbo zitoke kwanza kwenye uteuzi wa gavana, upinzani uanze kupata viti kwenye halmashauri, ndipo tuzungumze habari ya kumpa bunduki.