Neno "Inapowezekana" na Mlango wa Ghorofa ya 9

Kabla ya Machi 25, 1911, siku kiwanda cha blauzi cha Triangle mjini New York kilipowaka moto, jimbo la New York lilikuwa tayari na sheria: milango ya kiwanda isifungwe saa za kazi, na ifunguke kwa nje "inapowezekana". Neno hilo la mwisho lilikuwa mwanya wa kuikwepa sheria. Kiwanda cha Triangle kilishika ghorofa ya 8 hadi ya 10, na vibaraza vya ngazi vilikuwa vyembamba mno kwa mlango kufunguka kwa nje. Basi milango ikafunguka kwa ndani. Watu wakijazana mbele ya mlango wa namna hiyo, miili yao wenyewe huuzuia usifunguke.

Moto ulianzia ghorofa ya 8, kwenye sanduku la mabaki ya vitambaa chini ya meza ya wakataji. Mpira wa zimamoto haukutoa maji. Ghorofa ya 10 walipigiwa simu. Wa 9 hawakuambiwa. Huko mlango wa upande wa Washington Place ulikuwa umetiwa ufunguo, ili wafanyakazi watokee upande mmoja tu na mikoba yao ikaguliwe. Walikufa watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji.

Desemba wenye kiwanda waliachiwa huru, kwa kuwa ilibidi ithibitishwe kwamba walijua mlango umefungwa wakati ule ule. Ndiyo maana siamini kwamba huzuni ya umma pekee ilileta mageuzi. Yaliletwa na watu walioingia viwandani kukagua ngazi. Frances Perkins, mtetezi wa wafanyakazi aliyewaona wasichana wa Triangle wakiruka madirishani, alihakikisha Robert Wagner, mwenyekiti wa tume ya jimbo ya kuchunguza viwanda, anatambaa mwenyewe katika kiwanda kimoja walichokagua, kupitia tundu la ukutani hadi kwenye ngazi iliyoganda barafu, iliyoishia futi 12 juu ya ardhi. Ngazi hiyo iliandikwa kuwa ni ya kuokokea moto.

Baada ya hapo sheria zikaanza kutaja vipimo: mazoezi ya kutoka moto ukizuka, saa 54 kwa wiki kwa wanawake, mabomba ya dari yanayomwaga maji yenyewe. Lakini mabomba hayo, katika sheria ya 1912, yalidaiwa tu kwenye majengo marefu yenye sakafu au mapambo ya mbao na wafanyakazi zaidi ya 200 juu ya ghorofa ya 7. Kiwango hicho kilikuwa kikubwa mno. Mwenye wafanyakazi 190 huko juu hakulazimika kufunga hata bomba moja.