Jogoo wa Süleymaniye

Istanbul watu wanakuitikia kabla hujawaamkia. Nimefika uwanja wa ndege, kijana wa kugonga pasipoti, rika la mwanangu kitinda mimba, ananitazama usoni na kusema: "Merhaba."

Marahaba! Mimi, babu wa wajukuu watatu, sijafungua mdomo, nimeshaitikiwa. Nikasema basi, labda ni ukubwa wa serikali. Kwenye treni, mtoto wa miaka sita: merhaba. Muuza mahindi ya kuchoma: merhaba. Mpwa wangu anayesoma huko aliponipokea na kunipa shikamoo iliyonyooka ya Tanga, machozi yalinilengalenga. Akacheka sana, akanieleza kwamba kwa Waturuki hiyo ndiyo "hujambo" yao. Nikaelewa, ila moyo haukuridhika.

Kesho yake alasiri akanipeleka msikiti wa Süleymaniye. Yeye anasomea ujenzi. Mimi ni fundi mwashi, miaka thelathini na ushei kwenye kazi, na sijawahi kuona ukuta nisioutia kasoro. Njia nzima tulikuwa tunaviziana.

Nje, ubavuni mwa msikiti, mabomba ya udhu yamepangwa mstari, na vibao vya kukalia mbele yake. Nikavua viatu na soksi. Simu niiweke wapi? Mfuko wa kushoto umetoboka, wa kulia umejaa mafunguo ya nyumbani. Nikaitumbukiza kwenye kiatu cha kulia, nikaishindilia soksi juu isirukiwe maji. Nikajipongeza kwa akili hiyo. Nikatia udhu kwa maji ya baridi ya kung'oa meno, nikabeba viatu, nikavipanga kwenye shubaka la mlangoni, nikaingia peku. Simu nikaisahau kabisa.

Ndani, ubishi ulinitoka kwa muda. Ukiinua shingo, kuba liko mita 53 juu yako, na upana wake ni karibu nusu ya kimo hicho. Kwetu pwani, nyumba za mawe za zamani vyumba vyake ni vyembamba kama ujia, kwa sababu boriti ya mkoko ina mwisho wake. Hapa hakuna boriti. Ni tofali na chokaa vimening'inia hewani tangu mwaka 1557.

"Saba tu, mjomba," mpwa akasema. "Walianza 1550."

Miaka saba! Mimi nina mteja Chumbageni, choo chake cha nje kinaingia mwaka wa tatu. (Hela hatoi, si mimi.)

Akaendelea kumwaga elimu. Aliyeamuru ni Sultan Süleyman. Fundi mkuu alikuwa Mimar Sinan, aliyeanza kama askari na seremala wa jeshi, akapewa cheo cha ufundi mkuu wa dola akikaribia miaka hamsini, akakaa nacho mpaka alipokufa mwaka 1588. Hapo nilimpenda Sinan papo hapo. Minara minne, kwa kuwa Süleyman alikuwa sultani wa nne tangu Istanbul itekwe. Roshani kumi kwenye minara hiyo, kwa kuwa alikuwa wa kumi katika ukoo.

"Yote sawa," nikamwambia, "lakini kuba linasukuma nje, kama mtu aliyeshiba anavyosukuma mkanda. Msukumo huo kaushushia wapi?"

Akafurahi, maana swali lenyewe alikuwa akilisubiri. Akanionyesha: nguzo nne nene kama miguu ya tembo zimebeba kuba, mbele na nyuma kaliegemeza kwa nusu-kuba mbili, kulia na kushoto kuna matao makubwa, na kuta za kuyashikilia kazificha, nusu ndani nusu nje, zikavikwa vibaraza vya nguzo usijue kama ni mikongojo. Nikatafuta kasoro. Nikatafuta tena. Nikasema zulia limefifia kidogo.

Kilichonimaliza ni masizi. Zamani msikiti uliwashwa taa nyingi za mafuta, na Sinan akapanga njia za hewa ili moshi wote uvutwe mpaka chumba kidogo juu ya mlango mkuu. Huko masizi yakakusanywa, yakatengenezwa wino. Nikamkumbuka bibi yangu Pangani na dari ya jiko lake. Wino wa kuandikia misahafu kumi ulikuwa pale, tukawa tunausugua kwa kumbi la nazi.

"Na sauti je," mpwa akasema. "Ndani ya kuba wamezika mitungi mitupu, midomo imeelekea chini, ili sauti ienee bila kugongana. Wanasimulia kwamba sultani aliambiwa Sinan anavuta kiko cha maji humu msikitini. Akaja kwa hasira, akamkuta kweli kakaa katikati na kiko, lakini hakina tumbaku. Alikuwa anasikiliza maji yanavyotokota, apime sauti inafika wapi."

"Hadithi hizo," nikamjibu. "Mitungi gani? Nani kaiona? Nionyeshe kwa vitendo."

"Kokorikoooo!"

Haki ya Mungu, ilitoka kila upande. Mihrabuni, mimbarini, kubani. Watalii wote wakainua simu juu kumtafuta ndege. Mhudumu aliyekuwa anafyonza vumbi akazima mashine yake asikie vizuri. Mzee mmoja aliyeketi karibu na nguzo akanyanyua mikono, akaanza kuomba dua, maana ndivyo tulivyofundishwa: ukisikia jogoo anawika, muombe Mwenyezi Mungu fadhila zake, amemwona malaika.

Nikatikisa kichwa. "Wanafuga jogoo msikitini! Hawa watu nao."

Mpwa alinikazia macho. "Mjomba. Simu yako iko wapi?"

Mke wangu ndiye aliyeniwekea mlio wa jogoo, kwa sababu milio mingine yote nilikuwa nadai sikuisikia.

Nilitembea haraka bila kukimbia, mwendo wa mtu aliyebanwa na tumbo ukweni. Shubakani kulikuwa na viatu vyeusi visivyo na idadi. Jogoo anawika, mimi natia mkono kiatu hiki, natoa, natia kile. Kuba la Sinan linasambaza sauti kwa haki kiasi kwamba masikio hayawezi kukuambia inatoka wapi. Mara jogoo akanyamaza. Mimi nimebaki mkono umezama mpaka kifundoni kwenye kiatu kikubwa chenye joto, na nyuma yangu mtu anakohoa.

Nikageuka. Mwenye kiatu: ndevu nyeupe, fimbo, miaka themanini haipungui. Akanitazama mimi, akatazama mkono wangu, akasema kwa upole: "Merhaba."

Tangu nitue, hiyo ndiyo marahaba ya kwanza iliyostahili.

"Shikamoo," nikamjibu, na mkono bado umo kiatuni.

Mpwa aliinama karibu na mlango, mabega yanatikisika. "Umesikia mitungi, mjomba?"

Tulitoka tukavuka barabara kwenye mikahawa ya maharage inayotazamana na msikiti. Nikaagiza maharage na pilav, nikiwaza mdalasini na vipande vya nyama. Ukaja wali mweupe. Wali maharage! Nimepanda ndege nije kula chakula cha bweni. Ila maharage yenyewe, nisiseme uongo, niliongeza sahani.

Katikati ya sahani ya pili, jogoo akawika mezani. Mke wangu.

"Ufunguo wa banda la kuku umeuweka wapi? Kuku hawajatoka tangu jana asubuhi, maji nawapitishia kwenye wavu kwa kopo!" Nyuma yake jogoo wangu, yule wa kweli, alikuwa anapiga kelele kama anayedhulumiwa.

Nikatia mkono mfuko wa kulia, polepole.

"Vunja kufuli," nikamwambia.