Kuna Mombasa nyingine huko juu

Nikiwaambia watu kuna jiwe linaitwa Mombasa linazunguka jua kati ya Mirihi na Mshtarii wanadhani nimetunga. Lipo jamani! Ni asteroidi namba 1428, upana kilomita 50 na kitu, liligunduliwa Julai 1937 kule Johannesburg na Cyril Jackson, huyohuyo aliyepata Kenya (1278) na Uganda (1279) mwaka 1933, halafu Ruvuma (1427) mwaka huohuo wa Mombasa.

Kinachonigusa zaidi wala sio jina, ni ile kazi iliyotangulia. Enzi zile hamna kompyuta, unapiga picha anga kwenye bamba la kioo, unapiga tena baadaye, halafu unakaa unalinganisha mbili hizo, nyota zote zimetulia palepale ila kanukta kamoja kamehama. Na hapo bado huna ruhusa ya kukaita chochote, kanapewa lebo ya muda tu, mwaka na herufi, N ikiwa ni nusu ya kwanza ya Julai. Lazima kafuatiliwe mpaka njia yake ijulikane vizuri ndo kapate namba, na namba ikishatoka ndo mgunduzi anapendekeza jina. Siku hizi anapewa miaka 10, jina lisizidi herufi 16, mwanasiasa au mwanajeshi mpaka ipite miaka 100 tangu afariki, na kamati ya Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ndo inapitisha. Haliuzwi. Mtu akikuuzia cheti cha jina la asteroidi mtandaoni achana naye kabisa.

Sasa mimi nasema tusiishie kufurahia tu Mombasa na Ruvuma, maana majina ni ya kwetu lakini macho yaliyoziona hayakuwa ya kwetu. Zenye namba ni mamia ya maelfu na nyingi mno hazina jina mpaka leo, na kuna mradi unaitwa IASC unawapa wanafunzi picha za darubini bure kabisa, wanachotakiwa ni kukaa na kompyuta watafute hiyo nukta inayohama. Walimu wa sayansi naomba mliangalie hili, subira inahitajika kweli, inaweza kuchukua miaka, lakini watoto wanaweza.

Jina mimi ninalo tayari: Mekatilili, yule mama wa Kigiriama aliyeongoza watu wake kuwapinga Waingereza. Herufi 10 tu, na miaka 100 yake imeshatimia.