Maumivu hayana kipimo, kwa hiyo nani aaminiwe?

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa mbele ya daktari bingwa wa neva nikiwa na daftari dogo mapajani. Ndani yake nilikuwa nimeandika miezi minne ya kipandauso: saa kilipoanza, upande wa kichwa uliouma, nilichomeza, na saa nilipoweza tena kufungua mapazia. Daktari aliinua picha ya ubongo wangu kwenye mwanga, akaitazama kwa makini, akasema, "Picha ni safi. Huna tatizo." Daftari hakuliulizia, nami sikuthubutu kumsogezea. Nilitoka pale mzima kwenye karatasi, mgonjwa mwilini.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Methali hiyo ndiyo silaha kubwa ya watetezi wa wagonjwa wa kipandauso na maumivu sugu: asiyeumwa asituamulie. Wataalamu nao wana jibu lao, na ni jibu zito: anayeumwa anajua anavyoumwa, lakini kuumwa hakumfundishi chanzo cha ugonjwa, wala dawa ipi itamsaidia na ipi itamwongezea. Mvutano huu umeshaingia kwenye kamati zinazoandika miongozo ya tiba, zinazogawa fedha za utafiti na zinazoamua dawa ipi ilipiwe na bima. Mgonjwa na mtetezi wake wakae meza moja na profesa tangu mwanzo, au waitwe mwishoni kusomewa maamuzi?

Naunga mkono meza moja, na sababu yangu ni ya kikazi kuliko ya huruma. Kisukari kina kipimo cha damu, mfupa uliovunjika una eksirei, ila kipandauso hutambuliwa kwa maelezo ya mgonjwa. Hata jaribio kubwa la dawa mpya, lenye mamia ya wagonjwa na gharama ya kutisha, mwisho wake ni hesabu ya siku ambazo wagonjwa waliandika kwamba kichwa kiliwauma, kabla na baada ya dawa. Jumuiya ya Kimataifa ya Utafiti wa Maumivu ilipofanyia marekebisho tafsiri yake ya maumivu mwaka 2020, iliweka wazi kwamba maelezo ya mtu kuhusu maumivu yake yaheshimiwe. Katika fani hii neno la mgonjwa ndilo kipimo. Mtaalamu anayelipuuza anatupa chombo chake cha kazi. Na mtetezi anayedai kwamba neno hilo halikosei kamwe anasahau kuwa kila chombo kinaweza kupinda.

Wagonjwa wana kila sababu ya kuwa na kinyongo. Kipandauso kinawapata zaidi ya watu bilioni 1 duniani, na wanawake wanaugua karibu mara tatu ya wanaume. Nadhani hilo la wanawake ndilo lililoponza ugonjwa wenyewe, kwa kuwa malalamiko ya mwanamke yalikuwa mepesi kuitwa hofu au deko. Mwaka 1937 Harold Wolff, daktari wa New York aliyeheshimika sana, aliandika kuhusu tabia za watu wenye kipandauso: wanaojisukuma kupita kiasi, wanaotaka kila kitu kiwe kamili, wenye hasira iliyofungiwa ndani. Wolff huyohuyo alifanya vipimo makini vya mishipa ya damu ya kichwa. Lakini vipimo vilibaki vitabuni, na ile picha ya tabia ikashuka hadi kliniki na majumbani. Nani mwenye kipandauso hajawahi kuambiwa "punguza mawazo"?

Lakini tuwe wakweli pia juu ya nani aliyetuondolea aibu hiyo. Anayeijua aura, yaani dalili za macho zinazoandamana na kipandauso, ataelewa ninachosema: unasoma, herufi moja katikati ya neno inatoweka, kisha pale ilipokuwa panaanza kumeremeta mistari ya zigizaga, inapanuka taratibu kuelekea ukingoni hadi nusu ya ukurasa haisomeki. Karl Lashley, mwanasaikolojia wa Marekani, alipatwa na hali hiyo mara nyingi. Alichora doa lake lilivyokuwa likisogea na mwaka 1941 akakadiria kwamba kuna kitu kinatambaa juu ya ubongo kwa kasi ya milimita 3 hivi kwa dakika. Miaka mitatu baadaye Mbrazili Aristides Leão akaeleza wimbi la kasi ya namna hiyo katika ubongo wa sungura. Mwaka 1990 Peter Goadsby na Lars Edvinsson, pamoja na wenzao, wakaonyesha kwamba kemikali iitwayo CGRP hupanda katika damu inayotoka kichwani wakati wa shambulio. Mwaka 2018 sindano ya kwanza ya kinga iliyolenga njia ya kemikali hiyo ikaidhinishwa Marekani.

Miaka 28 kutoka kipimo hadi sindano. Watetezi wana haki ya kuuliza kwa nini ugonjwa unaolemaza watu wengi hivyo ulisubiri kiasi hicho. Hata hivyo, hakuna maandamano ambayo yangeizaa sindano ile bila vipimo vile. Ninapomfikiria Lashley naona jambo moja zaidi: mgonjwa na mtaalamu walikuwa mtu mmoja, na alichokuwa nacho mkononi ni penseli na doa lake mwenyewe.

Hoja nzito kuliko zote dhidi ya watetezi ni ya pesa, nami siwezi kuipita haraka. Marekani, kuanzia katikati ya miaka ya 1990, kulikuwa na kampeni kubwa ya kutaka maumivu yahesabiwe kuwa dalili ya tano ya uhai, pamoja na mapigo ya moyo, pumzi, joto na shinikizo la damu. Wazo lenyewe lilikuwa la utu. Lakini lilikwenda sambamba na mauzo ya dawa za jamii ya afyuni, ambazo OxyContin, iliyoingia sokoni mwaka 1996, ndiyo iliyovuma zaidi. American Pain Foundation, taasisi iliyojitambulisha kuwa sauti ya wagonjwa, ilipata takriban asilimia 90 ya fedha zake za mwaka 2010 kutoka kwa watengenezaji wa dawa na vifaa vya tiba. Ilifungwa Mei 2012, wakati kamati ya Seneti ilipoanza kuichunguza. Uraibu ulikwisha kuingia majumbani na watu walikuwa wanakufa. Mtu akiniambia kwamba mtetezi anaweza kununuliwa, sina la kumbishia.

Ninachombishia ni pale anaponiambia kwamba mtaalamu hanunuliki. Uchunguzi wa Seneti uliotolewa mwaka 2018 ulikuta kampuni 5 za dawa za afyuni zimetoa karibu dola milioni 9 kwa makundi 14 ya utetezi kati ya 2012 na 2017, na miongoni mwa makundi hayo vilikuwemo vyama vya madaktari. Kabla ya hapo kuna ile barua ya mwaka 1980, ya aya moja tu, iliyochapishwa katika jarida kubwa la tiba. Ilihusu wagonjwa waliopewa dawa za afyuni wakiwa wamelazwa hospitalini, ikasema uraibu ulikuwa nadra sana. Haikuhusu mtu anayemeza vidonge nyumbani kwake mwaka baada ya mwaka. Hata hivyo watafiti waliinukuu mara zaidi ya 600, wengi wao kama ushahidi kwamba uraibu ni nadra. Wote hao walikuwa wasomi wanaojua kusoma utafiti, na hakuna mgonjwa aliyewalazimisha kuinukuu.

Kisha likaja wimbi la kurudi nyuma. Mwongozo wa mwaka 2016 wa kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa uliwatahadharisha madaktari wasivuke miligramu 90 za mofini, au kiasi kinacholingana nazo, kwa siku. Ulikuwa ushauri, lakini majimbo na bima wakaufanya sheria. Wagonjwa waliokuwa wakitumia dawa hizo kwa miaka, wakienda kazini na kulea watoto, walipunguziwa dozi kwa nguvu au kukatiwa kabisa. Watetezi walipiga kelele tangu mwanzo. Safari hii walikuwa sahihi, lakini walisikilizwa kwa shaka, kwa kuwa jina la utetezi lilikwisha kuchafuliwa. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba kukatiza dawa ghafla kunaleta madhara makubwa, pamoja na kujiua. Mwaka 2022 mwongozo uliandikwa upya. Miaka sita yote hiyo, ushahidi ulikuwa mikononi mwa wagonjwa wenyewe, na aliyepaswa kuukusanya alikuwa anawaona kila mwezi.

Wala tusidhani kwamba hofu ya dawa hizi inaishia kwa walioharibiwa nazo. Kamisheni ya jarida la Lancet iliripoti mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za afyuni, kwa kipimo cha mofini, zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini zinapata tani 0.1. Kuna watu wanaokufa kwa saratani wakipiga mayowe kwa kukosa dawa ya bei nafuu. Hapo sioni pande mbili za kupima.

Pale ninapoziona pande mbili kwa haki ni katika ubishi wa sasa kuhusu dawa mpya za kipandauso. Mwaka 2024 chama cha Marekani cha wataalamu wa maumivu ya kichwa kilitangaza kwamba dawa zinazolenga CGRP zinaweza kutolewa tangu mwanzo, bila mgonjwa kulazimika kwanza kushindwa na dawa za zamani. Mwaka 2025 chama kikubwa cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha nchi hiyohiyo kikasema anza na za zamani, kama propranololi na amitriptilini. Kilipopima ushahidi hakikuona tofauti kubwa ya nguvu kati ya dawa hizo, na mpya ni ghali mno. Watetezi wengi wakakasirika, na naielewa hasira yao. "Kushindwa na dawa" ni maneno mepesi katika mwongozo. Kwa mgonjwa ni wiki nyingi za usingizi wa mchana, kuongezeka uzito au kusahau majina ya watu, kisha kuanza upya na dawa nyingine huku siku za kazi zikipotea.

Lakini bei nayo ni swali la haki. Dawa ghali anayoipata mmoja kwa bima nzuri ina maana gani kwa wale wengi ambao hata kidonge cha kawaida cha kinga hawajawahi kuandikiwa? Hapa naegemea kwa waliosema tuanze na za zamani, kwa sharti moja: muda wa kujaribu uwe mfupi na wenye mwisho unaojulikana, na mgonjwa akisema dawa inamharibia akili, asiambiwe avumilie mwaka mzima.

Kuna neno lingine linalowagawa watu, nalo ni saikolojia. NICE, taasisi inayoandika miongozo ya tiba England, mwaka 2021 ilishauri kwamba maumivu sugu yasiyoelezeka kwa ugonjwa mwingine yasianziwe parasetamoli wala dawa za afyuni, bali mazoezi, tiba ya kisaikolojia, akyupancha (kuchomwa sindano nyembamba) na baadhi ya dawa za sonona. Kwa mtaalamu huo ni muhtasari wa ushahidi. Kwa mtu aliyeambiwa miaka 20 kwamba anajitungia, huo ni mlango ukifungwa tena usoni. Naamini mtaalamu ana hoja, kwa kuwa ubongo na hisia vimo ndani ya maumivu ya kila aina. Lakini laiti wagonjwa wangeshirikishwa katika kuchagua maneno yenyewe, sidhani kama yangewachoma hivyo.

Watetezi nao wajiulize nani anayefika mezani. Anayeweza kukaa kwenye kikao cha saa tano chini ya taa nyeupe hawawakilishi moja kwa moja walio kwenye giza siku 20 kwa mwezi. Anayejua kuandika barua kali hamwakilishi mtu wa kibarua anayefanya kazi huku anatapika. Ningependa kila kamati iwe na wagonjwa kadhaa na ipokee ushuhuda wa maandishi kutoka kwa wasioweza kuja. Na kila mtu mezani, profesa na mtetezi, aseme kabla ya kikao kuanza nani amemlipa na kiasi gani.

Daftari langu hatimaye lilisomwa, na daktari mwingine. Aliliomba kabla hajaitazama picha. Akachukua kalamu, akaanza kuweka alama pembeni ya kila siku niliyomeza kidonge cha maumivu. Mwezi wa kwanza siku 9. Wa pili 12. Wa tatu 16. Wa nne 19. Akanieleza kwamba vidonge vya kawaida vya maumivu vikifika siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, vyenyewe huanza kukiumiza kichwa, na kwamba tayari nilikuwa nimeshaingia kwenye njia hiyo.

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba kidonge ndicho kitu pekee kinachoniinua kitandani, na nilikuwa nasema kweli. Akanigeuzia daftari, akanionyesha mwandiko wangu mwenyewe: kadiri alama zake zilivyoongezeka, ndivyo siku nilizoandika "leo afadhali" zilivyopungua. Hakuna picha ya ubongo ambayo ingemwonyesha hilo. Wala mimi, niliyeandika kila mstari, sikuwa nimeliona. Tulibishana karibu nusu saa juu ya kidonge kipi kiachwe kwanza na nini kishike nafasi yake siku mbaya zikija, naye akaandika tulichokubaliana katika ukurasa uliofuata, chini ya tarehe ya siku ile.