Jarida likitaka makala yangu peke yake, liniambie litanijibu lini

Kila anayetuma makala kwenye majarida ya sheria anakijua kile kiapo: makala hii haijachapishwa kwingine, wala haiko mbele ya jarida jingine kwa sasa. Unaweka tiki, unatuma, unapata barua pepe ya shukrani. Baada ya hapo, kimya. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, ila hiki cha wahariri wetu mara nyingi huisha bila mshindo wowote.

Nami sina ugomvi na kiapo chenyewe. Ugomvi wangu ni kwamba kinamfunga mwandishi peke yake. Jarida halisemi litajibu lini, na likikaa na makala mwaka mzima hakuna pa kulalamika. Halafu ni sisi wanasheria, tunaowafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwamba mkataba una pande mbili, tunaoendesha majarida haya.

Kwenye sheria, kuchelewa kunaua makala. Chukua kesi ya BBI (Building Bridges Initiative) huko Kenya. Tarehe 13 Mei 2021 majaji watano wa Mahakama Kuu walisimamisha mpango wa kurekebisha Katiba, wakisema Katiba ina muundo wa msingi ambao Bunge na kura ya maoni ya kawaida haviwezi kuugusa. Tarehe 20 Agosti Mahakama ya Rufani ikakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ikaikataa nadharia hiyo ya muundo wa msingi, ingawa BBI yenyewe haikufufuka. Mwaka haukutimia. Msomi aliyekesha Mei kuichambua hukumu ya kwanza na kutuma makala yake Juni, kama aliangukia mhariri wa kimya, makala yake ilikuwa imeshapitwa na wakati kabla hata ya kupata maoni ya wahakiki, yaani wasomi wenzake wanaoipima kabla haijachapishwa. Na labda hoja yake ndiyo ambayo mawakili wa rufaa wangeihitaji.

Eastern Africa Law Review ilipoanza Dar es Salaam mwaka 1968, mswada ulipigwa taipu na kusafiri kwa posta. Subira ya wakati ule ilikuwa na sababu. Ya leo inataka maelezo.

Wapo wanaosema tuige Marekani. Kule majarida mengi ya sheria yanahaririwa na wanafunzi, kama Harvard Law Review inavyofanya tangu 1887, na mwandishi anaruhusiwa kutuma makala moja kwa majarida mengi kwa mpigo, hasa Februari na Agosti. Likimkubali jarida moja, anayaandikia yale yenye jina kubwa zaidi: nimepata ofa, inaisha siku fulani, mnaweza kunisoma haraka? Ni mnada, na una ubaya wake. Mhariri mwanafunzi aliyefurikiwa na makala anashawishika kutazama kwanza jina la chuo cha mwandishi. Mhadhiri wa Dodoma mwenye makala nzuri kuhusu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 atasubiri sana mlangoni pale.

Isitoshe, wahakiki wetu ni wachache. Ukitafuta watu wa kuhakiki makala ya sheria ya bahari Afrika Mashariki, utarudi kwa majina yaleyale, na hao wanahakiki bila malipo huku rundo la mitihani likiwasubiri. Majarida matatu yakiwapelekea makala moja kwa wakati mmoja, tutawachosha bure. Kwa hiyo kiapo kibaki. Ninachotaka kutoka Marekani ni kitu kimoja tu: tarehe.

Wiki tatu zinamtosha mhariri kuamua kama makala iende kwa wahakiki au irudi kwa mwenyewe. Miezi minne baada ya hapo, maoni yawe yamefika. Ikipita, mwandishi awe huru kwenda kwingine kwa barua pepe moja ya kuarifu, bila kuomba ruhusa. Kukataliwa hakuna shida. Anayekataliwa mapema anakwenda zake na makala ikiwa bado mbichi. (Waandishi nao waache kutuma sura nzima ya tasnifu, tanbihi zikiwa na mitindo mitatu, halafu walalamike wamecheleweshwa.)

Tukishindwa hili, kuna wanaofaidika. Mhadhiri msaidizi anayehesabu machapisho ili apande cheo hupata barua za majarida yanayoahidi jibu ndani ya siku chache, kwa ada. Sheria, kilimo na uhandisi, vyote toleo moja. Jeffrey Beall, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Colorado Denver, aliwahi kuyaorodhesha hadi alipoiondoa orodha yake mtandaoni mwaka 2017. Matapeli hao wanajua kinachokosekana kwa majarida halali, nacho ni jibu.

Mimi nimeshaanza kuandika kwenye barua ninayoambatisha na makala: nisiposikia lolote kwa miezi minne, nitahesabu nimeachiwa. Jarida moja lililikataa sharti hilo siku ileile. Sijawahi kujibiwa na jarida haraka namna hiyo.