Dagaa Hawavuliwi Kwenye Mbalamwezi

Wiki iliyopita nimeitwa mchawi. Sikuroga mtu. Nilitoa nyota mbili kati ya tano.

Mnalijua kundi letu la WhatsApp la wapenda katuni hapa Mwanza. Kijana wa hapa hapa katoa kitabu chake cha kwanza, kurasa 32, rangi mwanzo hadi mwisho, shilingi 10,000. Picha ya jalada ilipotupiwa kundini, nyota tano zikaanza kumiminika. "Moto sana." "Tunataka sehemu ya pili." "Mwanza tumefika." Nikamuuliza jamaa mmoja aliyekuwa mstari wa mbele kama ameshakisoma. Akajibu anasubiri mshahara.

Mimi nilikinunua. Nilikifungua kwenye daladala pale Nyegezi, kufika Mkuyuni nimekimaliza. Usiku nikakirudia taratibu, chai pembeni, na ukurasa wa 9 nikakwama.

Ukurasa wa 9 wote ni ziwa. Wavuvi wa dagaa wako kazini, karabai zinaelea, mmoja kainama anavuta wavu. Juu yao mwezi mpevu, mkubwa kama sinia la pilau, unang'aa kiasi kwamba mawe ya ufukweni yanahesabika. Jamani. Mtoto wa Igombe wa miaka sita angecheka hadi akae chini. Dagaa anaifuata taa kwa sababu kuna giza. Mwezi ukijaa, mwanga umetapakaa ziwa zima, sasa kijitaa chako kitamwita nani? Ndiyo maana mbalamwezi ikianza mitumbwi inavutwa nchi kavu na watu wanasubiri giza lirudi.

"Bro, ni katuni tu, acha roho mbaya."

Sawa, tuseme ni katuni tu. Lakini hadithi yenyewe inamhusu kijana anayepotea ziwani usiku kwa sababu haoni mbele wala nyuma. Adui yake ni giza. Kurasa nne nzima anapapasa, anaita, anagonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi wenzake wamsikie. Na muda wote huo mchoraji kamwashia taa kubwa juu ya kichwa! Nilikuwa namsoma kijana analia "sioni kitu" huku mimi msomaji naona mpaka vifungo vya shati lake. Hapo hadithi imekufa, na ameiua mwenyewe kwa kalamu ya njano.

Kinachoniuma si kosa lake. Kila mtu anakosea, na hiki ni kitabu chake cha kwanza. Kinachoniuma ni kwamba kundi limejaa watu wa Kirumba, wa Kayenze, wa Ukerewe, watu waliosomeshwa kwa hela ya dagaa, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Wengine hawakukisoma. Wengine waliona wakanyamaza, eti tuwape moyo vijana wetu. Fundi seremala akikuletea kabati mlango haufungi, humlipi hela yote ukamwambia hongera umejitahidi. Unamwambia fundi, rudi na randa yako. Kwa nini mchoraji tumfanyie kama mgonjwa wa kutazamwa wodini? Kesho atachapa cha pili, atachora mwezi uleule, atakipeleka kwa wasomaji wa mbali wasiomjua mama yake, na hao hawatamwambia kitu. Watakifunga tu, basi, wasikinunue tena.

Mimi nina namna yangu ya kukagua katuni, na nimeipata kwa kinyozi. Utotoni, kwenye banda la kunyolea Kirumba kulikuwa na rundo la magazeti ya katuni ya Sani, majalada yameng'oka, na mara nyingi ukurasa wa mwisho ulishachanwa (sijui ulifungia nini), kwa hiyo kuna visa vya Ndumilakuwili ambavyo hadi leo sijui viliishaje. Mdogo wangu alikuwa hajajua kusoma. Anaangalia Lodi Lofa, anacheka. Na anacheka panapochekesha, si kabla wala si baada. Picha zilikuwa zimeshamwambia kila kitu.

Kwa hiyo nafunika maneno kwa kiganja. Kitabu hiki nilipokifunika, nikabaki na watu wawili wamesimama, midomo wazi, wanatazamana. Geuza ukurasa, watu wawili, midomo wazi. Huo ni mchezo wa redio uliopakwa rangi.

Halafu hivyo viputo vya maneno. Kiswahili kina maneno marefu, hilo tulizaliwa nalo. Ukichora kiputo kwanza ndiyo ulazimishe "hatutawasubiri" iingie, utapata "hatutawas" juu na "ubiri" chini, kama alivyopata yeye.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba bei ni halali. Kuchapa rangi si mchezo. Na kwa yule aliyeandika kuwa vitu vya watoto havihitaji wakosoaji: Maus, katuni ya Art Spiegelman kuhusu Wayahudi waliouawa na Wanazi, ilipewa tuzo ya Pulitzer mwaka 1992, na humo Wayahudi wamechorwa kama panya na Wajerumani kama paka. Tuendelee.

Kuna ukurasa wa 21. Mama kaona wingu, anakimbilia chanja kuanua dagaa. Hakuna neno hata moja. Kanga imemfunguka kiunoni, kaishika kwa meno kwa sababu mikono yote miwili iko kwenye dagaa, na matone matatu ya mwanzo yameshaacha alama kwenye mchanga. Nilirudi hapo mara tatu. Namjua mama huyo, namjua hata anavyogomba akimaliza. Nyota zangu mbili, zote, ni za ukurasa huo, na anayeweza kuchora vile nitamdai mpaka achoke.

Mashabiki wameniandama wiki nzima. Mchoraji mwenyewe hakunitukana. Juzi usiku alinitumia ujumbe mmoja pembeni: "Shikamoo kaka. Kwa hiyo mwezi ukiwa umejaa, wavuvi wanakuwa wapi?"

Nikamjibu marefu. Kwamba wako ufukweni wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi inayovuja, wanacheza drafti, wanamkwepa mama lishe mwenye daftari la madeni, na jioni mmoja wao lazima atatazama juu na kuulaani mwezi.

Tiki mbili za bluu. Hajajibu hadi sasa.