Ukipata Pancha, Iache Rimu Iumie

Madereva wengi hufundishwa jambo moja kuhusu pancha: simama papo hapo, usije ukaharibu rimu. Naupinga ushauri huo, na kwa barabara zetu za Mombasa naupinga mara mbili. Rimu yauzwa. Ikipinda hunyooshwa, ikipasuka hununuliwa nyingine ya mtumba.

Chukua Daraja la Nyali, hili lililofunguliwa mwaka 1980. Lina njia sita, tatu za kwenda na tatu za kurudi, na pembeni ni kwa waendao kwa miguu. Gari bovu halina pa kuegeshwa. Jioni, watu wakirudi Kisauni na Bamburi, matatu zimebanana na boda boda zapenya kila upenyo, unamkuta mtu amechuchumaa kando ya tairi la kulia, mgongo kawapa magari, macho yote kwenye nati. Nasi twaendesha kushoto, kwa hivyo anayebadilisha tairi la kulia huwa amejiweka njiani mwa wenzake. Roho yaniuma kila nimwonapo mtu hivyo. Angewasha indiketa zote mbili akajikokota mwendo wa kutembea hadi ng'ambo. Tairi lingekatika vipande, sawa, likatike! Barabara ya Nairobi, kuanzia Changamwe hadi Miritini na Mazeras, ni hatari zaidi, maana trela lililobeba kontena kutoka bandarini halishiki breki kama Probox.

Kazi yenyewe ya kubadilisha tairi si ngumu. Abiria washuke wakae mbali na lami, uvute breki ya mkono, uweke kigingi kwenye gurudumu la pembe ya pili, lililo mshazari na lenye pancha. Nati zilegezwe gari likiwa bado chini, kwani ukishaliinua gurudumu litazunguka tu. Jeki ikae palipo na alama yake, na chini yake utie kipande cha ubao. Mchanga wa pwani huimeza jeki polepole, na ghafla waona gari linainama ilhali gurudumu umeshalitoa. Mkono wala mguu usiingie chini ya gari. Nati zikazwe kwa kukingamisha, hii kisha inayoikabili, halafu ushushe gari na ukaze tena kwa nguvu.

Spea ndiyo inayonikera zaidi. Magari mengi ya hapa hushushwa bandari ya Kilindini yakiwa yameshatumika Japani. Mnunuzi husikiliza injini, akakagua viti na redio, asiinue zulia la buti. Mengine yana spea nyembamba, ile iliyoandikwa 80 ubavuni, yaani usizidishe kilomita 80 kwa saa. Hiyo kwa kawaida yataka upepo wa psi 60, karibu mara mbili ya tairi la kawaida, na ikikaa miaka bila kuguswa hulala. Mengine hayana spea kabisa, yamepewa chupa ya gundi na pampu ndogo. Gundi hiyo yaweza kuziba tundu la msumari, lakini ubavu uliochanika haitauweza. Mimi nikienda kujaza upepo humwomba kijana wa kituo cha mafuta aipime na spea. "Hata hiyo, mzee?" huniuliza. Hata hiyo, mwanangu. Na tazama tarakimu nne za mwisho kwenye ile alama ya DOT ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Spea isiyowahi kugusa lami nayo huzeeka.

Kisha kuna mawe. Gari likiharibika, dereva hupanga mawe na matawi nyuma yake ili awaonye wenzake. Nia ni njema. Lakini akishakaza nati ya mwisho aondoka zake, mawe yabaki palepale, na usiku mwenye boda boda mwenye taa hafifu hayaoni mpaka ameshayapanda. Laifseva mbili, zile pembetatu nyekundu, zikikunjwa hazijazi hata kona ya buti. Ziweke mbali nyuma ya gari, mwenye kasi apate nafasi ya kupunguza, si pale chini ya bampa.

Polisi wa trafiki wakitusimamisha huulizia laifseva. Wafungue na buti, waikanyage spea waone kama ina upepo, waulize jeki iko wapi. Na anayeacha mawe lamini apelekwe kortini.